Nyumba ya mawe Italia, paa limeanguka: jinsi ya kusoma tangazo kabla ya kutoa arbuni

Tangazo lenyewe huwa fupi: "Rustico da ristrutturare, 220 mq su due piani, tetto parzialmente crollato, annesso, 1,5 ettari con ulivi, pozzo, luce nelle vicinanze, strada bianca. Euro 95.000." Yaani nyumba ya shamba ya kukarabatiwa, mita za mraba 220 chini na juu, paa limeanguka sehemu, banda la nje, hekta moja na nusu yenye mizeituni, kisima, umeme uko jirani, barabara ya changarawe. Picha imepigwa Mei, nyasi mbichi, mlima kwa nyuma. Matangazo ya sura hii yamejaa kwenye vilima vya Marche, Umbria, Toscana na Abruzzo. Kila neno ndani yake lina gharama yake, na ninaloshikilia ni kwamba mawe ndiyo yaangaliwe mwisho. Zitangulie karatasi, yafuate maji, kisha ardhi iliyobeba nyumba, ndipo kuta.

Kwanza, nyumba hizi zilijengwa kwa maisha gani? Katikati ya Italia ardhi ilikuwa ya mwenye shamba, mkulima na ukoo wake wakalima na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Mfumo huo uliitwa mezzadria. Nyumba ilikuwa chombo cha shamba: ng'ombe chini, watu juu, ngazi ya mawe kwa nje, tanuri la mkate pembeni, pengine na kijumba cha njiwa juu ya paa. Katika bonde la Val di Chiana zipo zilizojengwa kwa mpango mmoja tangu zama za mtawala Pietro Leopoldo, karne ya 18, na hadi leo huitwa leopoldine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana walikimbilia viwandani, sheria namba 756 ya mwaka 1964 ikakataza mikataba mipya ya mezzadria, nyumba zikabaki tupu. Joto la ng'ombe lilipanda kupitia sakafu na kuwapasha waliolala juu, na mkojo wa ng'ombe hao ulizama kwenye kuta za chini vizazi kwa vizazi. Huo mkojo tutaukuta tena tukifika kwenye plasta.

Je, unaruhusiwa kununua?

Msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo ana mlango wa kupita kabla ya kupanga safari ya kuona nyumba. Sheria ya Italia humruhusu mgeni kununua endapo Mwitaliano anaruhusiwa vivyo hivyo katika nchi ya huyo mgeni. Waitaliano wanaiita "condizione di reciprocità". Sasa kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, humpa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99 tu. Kwa hiyo jambo hili si la kupuuza. Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia inatoa taarifa za kila nchi, na notaio, afisa anayeandika hati ya mauzo, atakuuliza hilo mapema. Aliye na kibali halali cha kuishi Italia kwa kazi au kwa familia hasumbuliwi na sharti hilo, wala mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya.

Kila mnunuzi, awe nani, anahitaji namba ya kodi, codice fiscale. Hutolewa na Agenzia delle Entrate, au ubalozini ukiwa nje.

Karatasi

Notaio si wakili wako. Ni afisa wa sheria aliyekabidhiwa na dola kazi ya kuandika hati ya mauzo, kutoza kodi na kuiingiza kwenye daftari. Anaangalia umiliki na madeni ya rehani kurudi nyuma miaka 20. Haendi kupima kama choo kilichojengwa 1974 kina kibali. Kazi hiyo ni ya geometra, mpimaji na mchoraji mwenye leseni, na unapaswa kumlipa mwenyewe. Usimtumie wa muuzaji, wala wa dalali.

Mpe maswali haya. Wamiliki ni wangapi? Nyumba ya babu aliyekufa 1981 inaweza kuwa na warithi kumi na mmoja, wengine Argentina, wengine Australia, na sahihi ya kila mmoja inahitajika. Daftari la Catasto lisikupoteze hapa: liko kwa ajili ya kodi, na katika sehemu kubwa ya Italia jina kuandikwa humo si ushahidi wa umiliki. Ushahidi uko kwenye daftari la hati zilizosajiliwa, na mnyororo wa mirathi lazima uwe umesajiliwa humo bila kiungo kukatika.

Nyumba imeandikwa daraja gani? Iliyoporomoka mara nyingi huwa F/2, "unità collabente", yaani jengo lisilotumika tena. Daraja hilo linabadilisha hesabu ya kodi. Nyumba ya kawaida ikiuzwa na mtu binafsi, mnunuzi anaweza kuomba kodi ikokotolewe juu ya thamani ya Catasto badala ya bei: pato la daftari (kipato cha nyumba kinachokadiriwa humo) kuzidisha kwa 126 ikiwa ni nyumba ya pili. Pato likiwa euro 480, thamani ni 60,480, na kodi ya asilimia 9 ni euro 5,443. F/2 haina pato la daftari, kwa hiyo asilimia 9 hukatwa juu ya bei yenyewe. Anayehamishia makazi yake rasmi katika wilaya ile ndani ya miezi 18 anaweza kupata kiwango cha asilimia 2. Ardhi ya kilimo ina kiwango chake, asilimia 15 kwa asiye mkulima wa kazi.

Tuchukue tangazo letu, nyumba 80,000 na ardhi 15,000. Kodi ni 7,200 na 2,250, pamoja na ada mbili za euro 50, jumla 9,550. Dalali akitoza asilimia 3, ni 2,850, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 22, jumla 3,477. Weka 3,000 za notaio na kiasi kama hicho cha geometra. Bei ya 95,000 imekwisha kuwa karibu 114,000, na hakuna jiwe lililoguswa.

Swali linalofuata ni la vibali. Kwa jengo lililoanza kabla ya tarehe 1 Septemba 1967, notaio hutosheka na tamko la muuzaji kwamba lilikuwepo. Lakini kila kilichoongezwa baadaye kinahitaji kibali: bafu la matofali ya saruji lililobandikwa kwenye roshani, banda la trekta, dirisha lililopanuliwa. Geometra huomba faili zote katika ofisi ya wilaya, na hilo linaweza kuchukua wiki hata miezi. Tangu 2010 ramani ya Catasto nayo lazima ifanane na nyumba ilivyo, la sivyo hati ya mauzo ni batili. Hitilafu zirekebishwe na muuzaji kabla ya hati, kwa gharama yake. Ukikubali kuzirekebisha mwenyewe baadaye, umenunua kosa la mtu mwingine.

Kama sehemu ya kuta imeanguka kabisa, hakikisha upo ushahidi wa umbo lake la zamani. Sheria ya ujenzi, D.P.R. 380 ya 2001, inaruhusu kujenga upya kilichoporomoka mradi ukubwa wake wa awali uthibitike, na penye ulinzi wa mandhari lazima umbo, ujazo na hata mstari wa paa virudi vilevile. Mashahidi wazuri ni ramani za zamani za Catasto, picha za familia, na picha za ndege zilizopigwa nchi nzima 1954 na 1955, zinazopatikana katika Istituto Geografico Militare, Firenze. Bila ushahidi, chungu la mawe linabaki chungu la mawe.

Na sasa jirani. Ardhi ya kilimo inapouzwa, mkulima anayeikodi ana haki ya kutangulia kununua kwa bei ileile. Ikiwa haikodiwi, haki hiyo huenda kwa mkulima wa kazi anayemiliki shamba linalopakana nayo, kwa sheria za 1965 na 1971. Apelekewe taarifa rasmi, naye ana siku 30 za kujibu. Asipopelekewa, anaweza kuja ndani ya mwaka mmoja tangu hati isajiliwe na kuichukua ardhi kwa bei iliyoandikwa kwenye hati. Hapo ndipo ujanja wa kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi unapokuwa maangamizi: jirani atakulipa ile bei ndogo. Dai taarifa zipelekwe, au barua za majirani za kukataa, kabla ya siku ya hati.

Arbuni yenyewe hutolewa katika mkataba wa awali, "compromesso", mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya bei. Ikiandikwa kuwa ni "caparra confirmatoria", ukijitoa unaipoteza, akijitoa muuzaji anakurudishia maradufu. Mkataba usajiliwe ndani ya siku 30. Ukiweza, ufanyike mbele ya notaio na kuandikwa kwenye daftari la hati, kwa sababu hapo muuzaji hawezi kumuuzia mwingine wala mdai wake hawezi kukutangulia. Hata kabla ya compromesso, ile fomu ya dalali ya kutoa bei ikishasainiwa na pande zote inakufunga. Andika ndani yake kwamba ununuzi unategemea ripoti ya geometra na majibu ya majirani. Usiisaini kwenye boneti ya gari.

Maji safi, maji machafu, umeme, njia

"Pozzo" ni tundu lenye maji siku picha ilipopigwa. Nenda mwisho wa Agosti, kisima kikiwa katika hali yake mbaya kabisa, upige pampu saa kadhaa huku ukipima kina kinavyoshuka na muda kinavyochukua kurudi. Chukua sampuli kwa maabara ipime vijidudu vya kinyesi na naitreti, ambayo kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita. Katika nchi ya mashamba naitreti huzidi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hakikisha pia kisima kimeandikishwa, na kwamba kimo ndani ya mipaka yako.

Maji machafu ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Hakuna bomba la wilaya huko juu, kwa hiyo ni tangi la kutuliza, aina ya Imhoff, kisha bomba la matundu lililozikwa kwenye kokoto ili ardhi inywe. Urefu wa bomba hutegemea udongo. Kanuni za Februari 1977 zinatoa mita 2 kwa kila mkazi kwenye mchanga mwembamba, 3 kwenye mchanga mnene na changarawe, 5 mchanga ukichanganyika na mfinyanzi, 10 mfinyanzi ukiwa na mchanga kidogo. Mfinyanzi mzito hautakiwi kabisa, na vilima vingi vya Marche ni mfinyanzi mzito. Hapo unalazimika kutengeneza kitanda cha mimea ya kuchuja maji, kama mita 5 za mraba kwa mtu, penye usawa wa kutosha. Na bomba la matundu likae angalau mita 30 kutoka kisima cha maji ya kunywa. Kwenye kiwanja chembamba cha mteremko, hiyo mita 30 inaweza kukosekana.

"Luce nelle vicinanze" haina maana mpaka geometra aombe makadirio kwa kampuni ya kusambaza umeme. Nguzo iliyo mita 400 kupitia shamba la mtu ni ruhusa ya huyo mtu kwanza, fedha baadaye. Mita ya kawaida ya nyumbani ni kilowati 3. Ukitaka pampu ya joto na jiko la umeme, omba 6 mwanzoni.

Barabara ya changarawe: ya nani? Kama inapita kwa jirani, haki ya njia iandikwe kwenye hati yako na yake. Na upana wake upimwe, kwani lori la zege na la kreni halipiti penye mita 2.2 na kona kali. Vifaa vikishushwa bondeni na kupandishwa kwa trekta dogo, kila mfuko unalipiwa mara mbili.

Kilima na tetemeko

Angalia miti. Shina lililopinda chini kisha likanyooka, ua lililoinama, lami iliyopasuka kwa umbo la nusu duara: kilima kinatembea. Taasisi ya taifa ya mazingira, ISPRA, ina ramani ya maporomoko yaliyorekodiwa nchi nzima, iko wazi kwa yeyote, ni ya kutazamwa kabla ya kulipia petroli. Nyumba iliyo juu ya poromoko linaloendelea haina bei inayofaa.

Milima ya Appennino ni nchi ya matetemeko: Umbria na Marche 1997, L'Aquila Aprili 2009, Amatrice Agosti 2016, Norcia Oktoba mwaka huohuo. Wilaya zote zimepangwa katika kanda 1 hadi 4, ya 1 ikiwa ya hatari zaidi. Kazi yoyote ya maana kwenye kuta na sakafu hupelekwa kwa wahandisi wa mkoa ikiwa na hesabu za mhandisi.

Kuta

Ukuta wa unene wa sentimita 60 unaonekana kama ngome. Kwa ndani ni kuta mbili nyembamba, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi kilichoshikizwa kwa chokaa, au kwa udongo tu penye umaskini. Ngozi mbili hizo zikiachana, ukuta unavimba kama gunia. Teremsha timazi kutoka juu, pima umbali wa uzi na ukuta kila baada ya mita moja, uandike. Gonga kwa nyundo ya mpira, mlio wa utupu ukuonyeshe palipoachana.

Nyufa nazo zina lugha. Ufa wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, unasema ukuta wa mbele unaegemea nje. Ufa wa mshazari karibu na kona unasema msingi wa kona hiyo umezama. Ufa wenye utando wa buibui na vumbi umetulia. Wenye kingo safi na nyeupe ni wa juzi. Bandika kipande chembamba cha kioo kwa jasi juu yake, andika tarehe. Kikivunjika kabla ya hati, umeokoa fedha nyingi.

Hapa nataka kusema kwa sauti. Baada ya tetemeko la Friuli la 1976, kwa miaka mingi ilipendekezwa kung'oa paa na sakafu za mbao, kumwaga zege, na kuzungushia mkanda mzito wa zege juu ya kuta. Tetemeko la 1997 lilionyesha matokeo katika vijiji kama Sellano: zege zito na gumu juu ya ukuta wa kifusi liliteleza kama kifuniko na kuuponda ukuta chini yake, nyumba "zilizoimarishwa" zikaanguka. Bado wapo wanaokupa bei ya kazi hiyo, kwa kuwa ni ya haraka. Kataa.

Kinachofaa ni kuufunga ukuta kwanza. Kifusi cha katikati husafishwa kwa maji, kisha chokaa laini isiyo na saruji huingizwa kwa mirija, kuanzia chini kwenda juu, kwa msukumo mdogo, maana msukumo mkubwa hutenganisha ngozi badala ya kuziunganisha. Mawe marefu au vyuma hupitishwa kutoka uso hadi uso. Fito za chuma za milimita 20 hadi 30 hufungwa kutoka ukuta mmoja hadi wa mkabala, usawa wa sakafu, zikishikwa nje kwa vibao vya chuma. Vile vyuma vya umbo la S au X unavyoona kwenye kuta za zamani ndivyo hivyo, na vimeokoa nyumba nyingi. Sakafu ya mbao ibaki, ipigiliwe tabaka la pili la mbao kwa mshazari, ishikizwe na kuta. Zege la sentimita 5 juu yake ni kilo 125 kwa kila mita ya mraba. Mbao ni sehemu ndogo ya huo uzito.

Zizi linapotakiwa kuwa sebule

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu sheria mbili na ukuta mmoja vinagongana. Amri ya Julai 1975 inataka chumba cha kuishi kiwe na urefu wa mita 2.70, na dirisha lisilopungua moja ya nane ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 16 za mraba kinahitaji mita 2 za mraba za dirisha. Zizi lina mita 2.30 hivi na tundu la kupitisha hewa. Mikoa mingi ina nafuu kwa majengo ya zamani, na marekebisho ya 2024 yamelegeza urefu hadi 2.40 kwa masharti, lakini nafuu hiyo huombwa kwa jina la nyumba yako, haipatikani kwa kudhani. Penye ulinzi wa mandhari, ofisi ya mkoa inaweza kukukatalia kupanua dirisha hata milimita moja.

Kwa hiyo watu huchimba. Msingi wa nyumba hizi mara nyingi haushuki chini ya ardhi zaidi ya sentimita 40 au 50. Ukichimba sakafu nusu mita kwa ndani, umeuacha ukuta ukining'inia pembezoni mwa shimo, na mvua ya kwanza ya Novemba humaliza kazi. Ikibidi, chini ya msingi hujengwa kwa vipande vya mita moja, kimoja leo, kinachokifuata kikirukwa, na kila kipande kikauke kabla ya kufungua cha jirani yake. Ni kazi ya polepole na ya ghali. Bora kuuliza kabla ya kununua kama chumba cha chini kweli lazima kiwe sebule. Stoo, chumba cha mashine na karakana havidaiwi urefu huo.

Kisha chumvi. Mkojo wa ng'ombe uliacha naitreti ndani ya mawe. Hewa ikiwa na unyevu chumvi huyeyuka, hewa ikikauka huwa fuwele, na fuwele husukuma plasta hadi ianguke. Ndiyo maana plasta mpya ya zizi hudumu majira mawili. Hakuna dawa ya kuimaliza. Unaondoa plasta hadi mita moja juu ya alama ya mwisho ya unyevu, unakwangua viungo sentimita 2 au 3, unapiga brashi kavu bila kumwagia maji, kisha unapiga plasta nyepesi ya chokaa ambayo nia yake ni kunyonya chumvi na kutupwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Penye chumvi nyingi sana, jenga ukuta mwembamba kwa ndani ukiacha nafasi inayopita hewa.

Anayepiga saruji hapo anaufungia unyevu ndani. Unapanda kutafuta njia, na alama iliyokuwa magotini inafika kifuani, mara nyingine hadi kwenye ncha za boriti. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu analijua tatizo hili kwa macho yake: mawe ya matumbawe na chokaa yanapumua, saruji inayaziba pumzi.

Sakafu ya chini huwekwa juu ya nafasi ya hewa, kwa vibati vya plastiki vya umbo la kuba, urefu sentimita 20 hadi 30, na mabomba ya milimita 100 au zaidi yanayoingia chini upande wa kaskazini na kutokea juu upande wa kusini. Nje chimba mfereji wa kokoto na bomba la matundu, mita moja kutoka ukutani, usishuke chini ya msingi.

Paa na mbao

Paa huanza kuanguka kwa kigae kimoja kilichoteleza. Maji hufuata ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta, ncha inaoza, boriti inashuka, vigae vingine vinafunguka. Kwa hiyo choma ncha kwa msumari mrefu, hasa ukuta wa kaskazini, chini ya mfereji wa bati na kando ya bomba la moshi. Boriti ya mkastanya au mwaloni yenye moyo mzima inaweza kukatwa ncha iliyooza na kuungwa kipande kipya, ikiachwa nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3 kuizunguka ndani ya ukuta. Matundu ya wadudu yanayotoa unga mweupe na mwepesi yana wadudu hai. Unga wa kijivu ni wa zamani.

Vigae vya coppi, nusu bomba la udongo, huenda kama 30 kwa mita ya mraba, safu ya chini ikipokea maji na ya juu ikifunika. Gonga kila kimoja: kinacholia kama kengele kinabaki, chenye mlio mfu kimepasuka. Vizee viwekwe juu vionekane, vipya chini. Chini yake, kati ya fito zenye nafasi ya sentimita 30, hupangwa vigae bapa vya sentimita 15 kwa 30, 22 kwa mita ya mraba. Hivyo vya zamani ni ghali, na huibiwa kwenye nyumba tupu. Vihesabu siku ya ukaguzi na vitaje kwenye mkataba.

Banda la nje likiwa limeezekwa kwa shiti za kijivu za mawimbi zisizo za bati, yaelekea ni asbesto, iliyopigwa marufuku 1992. Hutolewa na kampuni yenye leseni tu, na mpango wake hupelekwa ofisi ya afya siku 30 kabla. Gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Fedha na mpangilio wa kazi

Nyumba isiyo na paa, isiyo na mifumo, katika ukanda wa tetemeko, kwa kawaida hula euro 1,200 hadi 2,000 kwa mita ya mraba. Kwa mita 220, chukua 1,500: ni 330,000, na kodi ya asilimia 10 juu ya kazi, 33,000. Wahandisi na wachoraji weka asilimia 12, na akiba ya yasiyotarajiwa isipungue 15. Nafuu ya kodi kwa ukarabati ipo, yenye kikomo cha euro 96,000 kwa nyumba na kulipwa kwa miaka 10, lakini inamfaa tu mwenye kodi ya mapato ya kulipa Italia, na malipo yote yapite benki kwa fomu maalumu inayotaja sheria husika. Malipo hata moja kwa fomu ya kawaida yanaweza kuipoteza.

Mafundi huanza na maji: mifereji ya bati, mtaro wa nje, turubai juu ya vichwa vya kuta. Mvua ikiingia juu ya ukuta ulio wazi huosha chokaa ya katikati, na kila majira ya baridi safu mbili tatu za mawe hulegea. Turubai lifungwe kwa kamba na magunia, lisipigiliwe misumari. Hufuata kufunga kuta, kisha paa, sakafu ya juu, sakafu ya chini, mabomba na nyaya, na plasta mwisho kabisa. Ukuta uliolowa miaka 30 haukauki kwa miezi miwili, uachwe majira mazima ya joto ukiwa uchi.

Plasta ni chokaa ya asili inayoganda kwa maji, yenye alama NHL 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga safi wenye punje za ukubwa tofauti. Lowesha ukuta jioni ya kuamkia. Tabaka la kwanza hurushwa kwa mwiko likae na makunyanzi, la pili milimita 10 hadi 15, la mwisho 3 au 4. Isipigwe chini ya nyuzi 5 wala kwenye jua kali, na ilowanishwe kwa siku kadhaa. Kwenye vilima vya mita 500 na zaidi hii ina maana ya kuanza Aprili na kufunga mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo hati ikisainiwa Septemba, mwaka huo fanya turubai na mifereji tu.